Mirathi Ngara na Biharamulo: Mahakama humfuata marehemu, si warithi

Mzee amefariki Rulenge, wilayani Ngara. Mtoto wa kwanza yuko Dar es Salaam, wa pili anafanya kazi Mwanza, dada yao ameolewa Chato, na mama amebaki nyumbani na migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Matanga yakishaanuliwa, kundi la WhatsApp la familia huanza kuchemka kwa swali moja: nani atakuwa msimamizi? Linajadiliwa usiku na mchana, majina yanapendekezwa, mengine yanakataliwa, wajomba wanapigiwa simu. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: mirathi tunaifungulia wapi?

Kwa kuwa halikuulizwa, hujibiwa na mazoea. Mwenye uwezo kidogo mjini husema, "Mimi niko karibu na Temeke, pale kuna kituo cha mirathi, nitafungua huku." Aliye Mwanza naye ana rafiki anayemfahamu wakili. Mama wa Rulenge, ambaye ndiye shahidi wa kila kitu, huambiwa atatumiwa nauli siku ya kutoa ushahidi. Miezi inapita. Msimamizi anateuliwa, anarudi na karatasi yenye muhuri, anaanza kugawa. Ndipo ndugu asiyeridhika anaposimama na hoja moja tu: mahakama ile haikuwa na mamlaka. Hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa, na ikikubaliwa, kila kilichofanyika kinafutwa na familia inarudi mwanzo.

Ngara na Biharamulo ni mahali ambapo kosa hili ni rahisi kutokea kuliko sehemu nyingi. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, Biharamulo imepakana na mkoa wa Geita, na barabara kuu zinazokutana Nyakanazi huleta watu kutoka kila upande. Watu huzaliwa wilaya moja, wakalima nyingine, wakafungua duka wilaya ya tatu na kuzikwa ya nne. Hata hivyo, kanuni yenyewe si ngumu. Ukiishika mapema, unaokoa nauli, muda na undugu.

Alikokuwa akiishi

Mahakama ya Mwanzo hupata mamlaka yake ya mirathi kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, na hasa Jedwali la Tano la sheria hiyo. Jedwali hilo linaweka masharti mawili. La kwanza, sheria itakayotumika kugawa mali iwe ya mila au ya Kiislamu. La pili, marehemu wakati wa kufariki awe alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo.

Sharti hilo la pili halisemi alikozaliwa, alikofia wala alikozikwa. Mtu wa Kabanga anaweza kukata roho hospitali ya Bugando, Mwanza, akazikwa kwao Kabanga. Bugando haiingii hesabuni. Mtu mwingine anaweza kuwa na asili ya Ngara, akawa amehamia Biharamulo miaka 20 iliyopita, akajenga, akaoa na kulima huko. Akifa, hata kama ukoo utasisitiza azikwe kwao, makazi yake ya kudumu yalikuwa Biharamulo, na mirathi yake inafunguliwa Biharamulo.

Vilevile, sharti hilo halisemi neno juu ya warithi wanakoishi. Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza kushughulikia masuala ya familia na mirathi mwaka 2021, kimewapunguzia wakazi wa Dar es Salaam mizunguko mingi, lakini hakikujengwa kwa ajili ya mzee aliyeishi na kufa Rulenge kwa sababu tu mwanawe amepanga Mbagala. Kwa Mahakama ya Mwanzo, mwana ndiye anayesafiri kwenda alikokuwa baba.

Mpaka wa kuangalia ni wa wilaya

Hapa pana jambo ambalo lingepunguza ugomvi mwingi kama lingejulikana zaidi. Sura ya 11 inasema mahakama za mwanzo zimeanzishwa katika kila wilaya, na kila moja ina mamlaka ndani ya wilaya ilikoanzishwa. Kwa hiyo, mkazi wa wilaya ya Ngara aliyefungua mirathi kwenye mahakama ya mwanzo ya tarafa nyingine ndani ya Ngara hajaharibu kitu. Anachopoteza ni urahisi: tangazo litabandikwa mbali na wanaomfahamu marehemu, na mashahidi watapanda bodaboda umbali mrefu bila sababu. Hakimu au karani anaweza kumshauri aende ile ya jirani. Kuvuka mpaka wa wilaya ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana ramani ina kazi. Benaco na kata ya Kasulo ziko Ngara, ingawa mfanyabiashara wa huko anaweza kuwa na duka la pili Nyakahura, ambayo ni Biharamulo. Lusahunga na Nyakanazi ni Biharamulo, lakini ukishuka kusini kidogo uko Kakonko, mkoa wa Kigoma, na ukielekea mashariki unaingia Bukombe, mkoa wa Geita. Chato iliwahi kuwa sehemu ya Biharamulo. Leo ni wilaya inayojitegemea, na tangu 2012 iko mkoa wa Geita. Wazee wengi bado husema "Biharamulo" wakimaanisha pia vijiji ambavyo leo ni vya Chato. Hati ya shamba ya miaka ya 1990 inaweza kuwa imeandikwa Biharamulo kwa ardhi ambayo leo iko Chato. Anayefungua mirathi asome jina la wilaya kwenye barua ya mtendaji wa kijiji ya mwaka huu, asitegemee karatasi ya zamani.

Juu ya mahakama za mwanzo iko Mahakama ya Wilaya, moja Ngara na moja Biharamulo, na juu yao Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wa Kagera iko Bukoba. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ina siku 30. Kutoka ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Kwa mtu wa Murusagamba, Bukoba ni safari ya kutwa na gharama ya kulala huko. Hiyo peke yake ni sababu ya kufungua mahali sahihi tangu siku ya kwanza.

Sheria ipi, fungu lipi

Ukishajua wilaya, linabaki swali lenye uzito zaidi, ambalo mara nyingi hujibiwa kwa haraka mbele ya dirisha la masijala: mirathi hii itaendeshwa kwa sheria gani? Upande wa Tanzania Bara kuna njia tatu, na kila njia inampa mjane fungu tofauti.

Ya kwanza ni sheria za mila. Kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali namba 436, kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, zinasema mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Yeye hutunzwa na watoto wake. Binti naye huwekwa daraja la mwisho miongoni mwa watoto.

Ya pili ni sheria ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye mamlaka ya dola. Kadhi au shehe anaweza kuisaidia familia kupiga hesabu ya mafungu, lakini hati ya usimamizi hutolewa na mahakama ya serikali.

Ya tatu ni sheria iliyoandikwa kwa ajili ya wasiofuata mila wala sheria ya Kiislamu. Wengi hushangaa kuambiwa kwamba sheria hiyo ni ya India, ya mwaka 1865, iliyoingizwa na Waingereza na ambayo bado inatumika Bara. Kwa sheria hiyo, mjane mwenye watoto hupata theluthi, na watoto wote, wa kike kwa wa kiume, hugawana theluthi mbili zilizobaki kwa usawa.

Kwa hiyo nyumba ileile na shamba lilelile vinaweza kumpa mama huyohuyo theluthi, thumuni au kutompa chochote. Na kila njia ina mlango wake. Mila na Uislamu vina mlango wa Mahakama ya Mwanzo. Njia ya tatu inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352: mali ndogo kwa viwango vya sheria hiyo huenda Mahakama ya Wilaya, na iliyozidi huenda Mahakama Kuu au kwa hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kushughulikia mirathi ya namna hiyo. Mahakama Kuu yenyewe ina mamlaka juu ya mirathi yoyote.

Ngara na Biharamulo zina Wakristo wengi, na Rulenge ni jina kubwa katika historia ya Kanisa Katoliki nchini. Je, ubatizo na ndoa ya kanisani vinatosha kuiondoa mirathi Mahakama ya Mwanzo? Peke yake, havitoshi. Mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi: alifuata mila katika mambo ya ndoa, mahari, ardhi na vikao vya ukoo, au aliishi kwa namna inayoonyesha kwamba aliziacha? Kipimo hicho kilionekana wazi katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969. Mahakama Kuu iliangalia maisha ya marehemu, ikaona alikuwa amejitenga na mila za kabila lake, na mali yake ikagawanywa kwa sheria iliyoandikwa.

Chukua watu wawili wa Ngara. Mmoja ni mkulima wa kahawa aliyefunga ndoa kanisani, akatoa mahari, akakaa kwenye ardhi ya ukoo na kuhudhuria vikao vyake hadi kifo. Mwingine ni mwalimu aliyefunga ndoa kanisani, akanunua kiwanja chake mjini, akasomesha watoto wote sawa na kuwaambia ndugu zake waziwazi kwamba mali yake si ya ukoo. Wote ni Wakatoliki na wote waliishi wilaya moja, lakini familia ya mwalimu ina sababu nzuri ya kugonga Mahakama ya Wilaya.

Kabla ya kupanda gari

Kuwasiliana na mahakama kabla ya kwenda ni hatua ambayo wengi huiruka, kisha wanalipa nauli mara mbili. Hutokea hakimu mmoja akahudumia zaidi ya mahakama moja ya mwanzo kwa siku tofauti za wiki. Ukifika siku ambayo hayupo, utapokewa vizuri na kuambiwa urudi.

Njia za kupata mawasiliano ni kadhaa. Tovuti ya Mahakama ya Tanzania ina orodha ya mahakama na mfumo wa ramani unaoonyesha zilipo. Kwa aliye wilayani, njia fupi zaidi ni mtendaji wa kata: yeye hupokea hati za wito na matangazo ya mahakama kila mara, kwa hiyo anajua kata yake inahudumiwa na mahakama ipi na karani wake anapatikanaje. Aliye mbali anaweza kuanzia masijala ya Mahakama ya Wilaya, Ngara au Biharamulo, akaulizia mahakama ya mwanzo ya kata aliyoishi marehemu.

Wiki ya Sheria, inayofanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari kuelekea Siku ya Sheria mapema Februari, ni wakati mzuri wa kuuliza bila kuwa na shauri. Mahakimu na makarani hutoka kwenye masoko na stendi kutoa elimu bure.

Ukipiga simu, usianze na ugomvi wa familia. Karani anahitaji mambo machache ili akuelekeze. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Habari za kazi, kaka. Naulizia kufungua mirathi. Baba yetu amefariki, alikuwa akiishi Nyakahura."

"Poleni na msiba, dada. Alikuwa akiishi hapo muda gani?"

"Tangu 1998. Alijenga hapo, shamba liko hapohapo."

"Kuna wosia?"

"Hatujauona."

"Alikuwa na mke mmoja? Ndoa ya kimila, ya kanisani au ya msikitini?"

"Mmoja, ya msikitini."

"Basi njooni na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji. Hakimu yupo Jumanne na Alhamisi."

Simu hiyo ya dakika tatu imejibu maswali yote: makazi, wosia, sheria, nyaraka na siku. Kama jibu lingekuwa kwamba marehemu alikuwa na hati ya kiwanja Mwanza, akaunti tatu na maisha yasiyofuata mila, karani angeweza kumwelekeza Mahakama ya Wilaya siku hiyohiyo. Lakini ieleweke kwamba karani anaeleza utaratibu. Hawezi kuishauri familia ichague sheria ipi ili fulani apate zaidi.

Wanaohitaji ushauri wa namna hiyo wana pa kwenda bila kulipa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikipeleka wanasheria wilayani, na mirathi ni miongoni mwa mambo inayoshughulikia. Wa kuepukwa ni vishoka wanaozunguka karibu na mahakama wakijiita mawakili na kuomba "ya kuharakisha". Ada halali ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo (control number), na risiti yake ni ya serikali. Mtu anayetaka pesa mkononi au kwenye namba yake ya simu hafanyi kazi ya mahakama.

Nyaraka na fomu

Cheti cha kifo ndicho kinachochelewesha wengi. Kifo kilichotokea hospitali, kwa mfano Murgwanza au Rulenge, huwa na tangazo la kifo kutoka hospitalini. Kilichotokea nyumbani hupitia kwa mtendaji. Cheti chenyewe hutolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambayo kwa wilaya hufanya kazi katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kikicheleweshwa, kinaweza kuandikishwa baadaye, kwa hatua zaidi na ada zaidi. Hakikisha jina la marehemu kwenye cheti linafanana na lililo kwenye kitambulisho cha taifa, hati ya shamba na kadi ya benki. Tofauti ya herufi moja inaweza kudai kiapo kingine na safari nyingine.

Muhtasari wa kikao cha familia au ukoo unaopendekeza msimamizi umekuwa desturi, na mahakimu wengi huutaka kwa sababu unaonyesha nani anajua nini. Hata hivyo, kikao si hakimu. Jedwali la Tano linaruhusu mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi kuomba, na mahakama ikiona inafaa inaweza kumteua mtu mwingine mwadilifu asiye na upande. Mjane ambaye ukoo umekataa kuitisha kikao, au umekiitisha bila yeye, anaweza kwenda mahakamani mwenyewe na kueleza hivyo.

Mahakamani, maombi huingia kwa Fomu Namba I chini ya Kanuni za Usimamizi wa Mirathi katika Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971. Ni karatasi fupi, lakini kila mstari wake una kazi. Mwombaji anaandika nani amefariki, lini, alikuwa akiishi wapi, kama ameacha wosia, warithi ni akina nani na mali inayojulikana ni ipi. Mstari wa makazi ndio unaobeba mamlaka ya mahakama. Mstari wa warithi ndio unaozaa kesi za baadaye, kwa kuwa hapo ndipo mtoto wa nje ya ndoa au mke wa pili husahaulika kwa makusudi.

Baada ya hapo mahakama hutoa tangazo, ambalo hubandikwa mahakamani na kupelekwa maeneo ambako marehemu alifahamika. Mwenye pingamizi hulileta kabla ya siku ya kusikilizwa. Asiyeona tangazo kwa kuwa lilibandikwa wilaya ambayo marehemu hakuwahi kuishi ana malalamiko ya haki, na ndiyo sababu nyingine ya kuzingatia makazi.

Msimamizi akiteuliwa hupewa Fomu Namba IV. Hiyo ndiyo karatasi ambayo benki, kampuni ya simu, mfuko wa pensheni na ofisi ya ardhi huiomba. Haimfanyi kuwa mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba V, kisha hesabu kwa Fomu Namba VI kwa vipindi atakavyopangiwa. Chini ya Sura ya 352, orodha ina miezi sita na hesabu mwaka mmoja. Mirathi isiyofungwa kwa hesabu hubaki wazi, na msimamizi anaweza kuitwa kujieleza hata baada ya miaka.

Ardhi, ukoo na mabaraza

Katika wilaya hizi mbili, mirathi mara nyingi ni ardhi. Ndiyo maana wengi hukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au baraza la kata wakidai shamba la baba. Baraza la wilaya husikiliza migogoro ya ardhi, na la kata husuluhisha tu. Yote mawili hayateui wasimamizi wa mirathi. Anayedai ardhi iliyokuwa ya marehemu bila kuwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hana uwezo wa kisheria kushtaki kwa niaba ya mirathi, na kesi nyingi za aina hii zimeanguka kwa sababu hiyo tu, baada ya mashahidi kusikilizwa na ramani kuchorwa. Utaratibu ni mirathi kwanza, kisha msimamizi ndiye anayekwenda barazani kama kuna aliyevamia shamba.

Hilo lina uzito zaidi sasa. Pale ambapo mradi unachukua ardhi na kulipa fidia, iwe ni barabara au mgodi wa nikeli wa Kabanga katika kata ya Bugarama, fidia ya aliyekwisha kufariki inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuipokea kwa niaba ya warithi wote. Familia isiyo na Fomu Namba IV huona fedha zikichelewa, au zikipokewa na kaka mmoja kwa niaba yake mwenyewe.

Kuhusu mila na wanawake, mkoa wa Kagera ulitoa moja ya hukumu zinazotajwa zaidi nchini. Mwaka 1988, mwanamke wa Muleba aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake aliiuza kwa Sh300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanaukoo akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai mila haimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubali, Mahakama ya Wilaya ikamkataa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Mwanza, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, akasema kanuni hiyo inakwenda kinyume na haki zilizowekwa kwenye Katiba. Haki ya mwanamke kuuza ikawekwa sawa na ya mwanamume. Ukoo ukabakiwa na nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei iliyolipwa.

Kesi hiyo ilipanda ngazi tatu za mahakama kutoka kijiji kimoja cha Kagera. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaweka bayana kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kanuni za urithi za 1963 hazijafutwa, lakini mjane anayeambiwa "mila ndivyo ilivyo" ana la kujibu.

Nyumba mbili, mirathi moja

Tatizo linalojirudia ni la mwenye miji miwili. Mke mkubwa yuko Ngara, mke mdogo yuko Chato, na marehemu alikuwa akipokezana. Kila upande hukimbilia mahakama ya kwake, na baada ya muda kuna wasimamizi wawili, kila mmoja na Fomu Namba IV, wakigombea shamba moja na akaunti moja. Benki ikiona karatasi mbili, hufunga mkono kwa wote.

Mirathi ya mtu mmoja ni moja. Pande zote zikae, ziangalie alikokuwa akilala mara nyingi, alikokuwa na shughuli yake kuu na alikojiandikisha, kisha zifungue sehemu moja na kuorodhesha mali zote za wilaya zote mbili. Mahakama inaweza kuteua wasimamizi zaidi ya mmoja, kwa hiyo kila nyumba inaweza kuwa na mwakilishi kwenye hati ileile. Kama upande mmoja umeshafungua, mwingine apeleke pingamizi hukohuko, asifungue shauri jipya kwingine.

Na waliochelewa wasikate tamaa. Chini ya Sura ya 352, mirathi inaweza kufunguliwa hata baada ya miaka mitatu tangu kifo, ila mwombaji atapaswa kueleza sababu ya kuchelewa. Kinachopotea kwa kuchelewa ni mashahidi, mipaka ya shamba na kumbukumbu ya deni alilolipa marehemu.

Kwa familia ya Rulenge tuliyoanza nayo, hatua ni chache. Anayeishi Dar es Salaam achange nauli na muda wa maongezi. Barua ya mtendaji ichukuliwe Rulenge, cheti kifuatwe ofisi ya mkuu wa wilaya mjini Ngara, na mahakama ipigiwe simu kabla ya yeyote kupanda basi. Kisha, siku ya kujaza Fomu Namba I, mama awe mezani. Akiuliza mirathi itaendeshwa kwa sheria gani, ajibiwe kabla kalamu haijagusa karatasi, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama shamba alilolima kwa mikono yake lina fungu lake au la.